Jigi ya rauta kwa kazi ya tundu na ulimi

Kizota, Dodoma

Ndugu yangu Lameck,

Mbukwa! Habari za Mpwapwa? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sote wazima, tunashukuru Mungu.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ujibane upate hela ya ile jigi ya Leigh kutoka Kanada, yaani kifaa cha kuongoza rauta (mashine ya mkono ya kuchimba na kukata mbao), au ya Trend ya Uingereza. Ile FMT ya Leigh ni kitu cha maana, sikatai: kwa kiolezo kimoja inakata tundu na ulimi wake (kile kichwa cha mbao kinachoingia kwenye tundu), na ukitaka ulimi ukaze zaidi unarekebisha kidogo tu. Lakini wewe unatengeneza milango, vitanda na meza, na kipuri kikipotea utaanza kukiagiza ng'ambo wakati mteja amekaa mlangoni. Domino ya Festool nayo ni mashine kamili ya kutoboa tundu, si jigi ya kufungia rauta yako, na kwa bei yake utajaza stoo mninga.

Mimi nakushauri uachane na habari ya kukata ulimi kwa rauta. Chukua jigi ya tundu peke yake. Toboa tundu kwenye mbao zote mbili, kisha ulimi uchonge kando kama ufito mrefu, uzungushie kingo kwa randa zilingane na ncha za mviringo za tundu, ukate vipande na kuchomeka kwa gundi. Nyuzi za ufito ziende kwa urefu wa ulimi, na tundu lizidi kina kama milimita 2 ili gundi ipate pa kukaa. Tena mbao za kulala (za mlalo) unazikata kwa urefu wake halisi, huna haja ya kuongeza urefu wa ndimi.

Sasa jigi yenyewe. Kitu cha kwanza kutazama ni namna inavyoshika mbao. Zipo zenye pini mbili zinazojitafutia katikati. Zinavutia, lakini mbao zetu zikitoka kwenye randa ya mashine moja ina milimita 36, nyingine 37, basi katikati inahama na mlango ukiungwa, kidole kinakwama kwenye maungio. Jigi iegemee uso mmoja tu. Chora alama ya penseli kwenye uso wa mbele wa kila mbao, na uso huo ndio ugusane na ukuta wa jigi, mbao ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo ndipo kazi nzuri inapotoka, hata jigi ikiwa ya plaiwudi.

Na ya plaiwudi ndiyo ninayoipenda. Rauta yako ni ya kushuka, yaani biti inasukumwa chini ndani ya mbao, na koleti yake (kishikio cha biti) ni nusu inchi, inatosha kabisa. Kwa mbao ya milimita 36 tundu liwe theluthi ya unene, yaani biti (kisu cha rauta) ya 12. Bushi, ile pete ya chini ya rauta inayotembea ndani ya mwanya wa kiolezo, ikiwa na milimita 24 kwa nje, toa 12, gawa kwa mbili: unabaki na 6 kila upande. Kwa hiyo tundu la urefu wa milimita 60 linataka mwanya wa kiolezo wenye urefu wa 72 na upana wa 24. Bushi ikicheza hata kidogo ndani ya mwanya, tundu litapanuka, kwa hiyo ujaribu kwenye kipande cha paini kwanza. Nunua biti ya msokoto inayopandisha taka juu, ushuke milimita 4 au 5 kila mpito. Ukilazimisha, mninga unaungua na biti inakufa. Na funga barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Jambo moja la huku kwetu: mbao zikija mbichi kutoka Tabora, usizitoboe wiki hiyohiyo. Ukame wa Dodoma unazinyonya maji yote, na ulimi uliokaza Machi utakuta unacheza Septemba. Zipange kivulini na vijiti katikati zikauke, na ufito wa ndimi utoke kwenye mbao iliyokauka kuliko zote.

Pima bushi yako kwa nje, si tundu la ndani, unitumie kipimo hicho. Nina plaiwudi ya milimita 18 iliyobaki kwenye kazi ya makabati. Nitakukatia kiolezo na ukuta wake, nikutumie kwa basi la Mpwapwa.

Msalimie mzee.

Wako,
Yohana