Asante, mzee wa Grogan

Mzee wangu, fundi wa magari kule Grogan, mtaa wa vipuri jijini Nairobi, hukunitajia jina, na nilipotaka kukuongezea kitu juu ya bei ulikataa. Basi shukrani zangu nazitoa hadharani.

Peugeot 504 ya marehemu baba, aina ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, ilikuwa ikikwaruza upande wa mbele wa injini. Cheni ya taiming, ile inayotoa mzunguko kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hadi kamshafti (mhimili unaofungua valvu), ilikuwa imelegea. Maduka niliyopita yalikuwa na za magari ya juzi tu. Wewe uliihesabu ile kuukuu pingili kwa pingili, ukapotea vichochoroni, ukarudi na mpya pamoja na gia zake, maana meno yaliyolika huila cheni mpya upesi.

Kilichonigusa zaidi ni subira yako. Ulilinganisha alama za gia ya krenki na ya kamshafti, kisha ukaizungusha injini kwa spana, krenki mizunguko 2 ili kamshafti ipate 1, mkono ukisikiliza kama valvu inagusa pistoni. Wengine wangepiga stata papo hapo. Wewe ulikataa, hata mvua ilipoanza.

Sasa injini inanguruma taratibu, na mama ameshapelekwa nayo Limuru. Mungu akuzidishie afya, mzee wangu.