Wanafunzi wa udaktari tuna watoto tusiowajua

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu wa Mbale aliandika juzi kwamba wanafunzi wa udaktari tunashabikia mimba za kupandikiza kwa sababu bado hatujazaa, hatujui uchungu wa mwana. Mimi niko mwaka wa nne wa udaktari hapa Kampala. Kweli, wengi wetu hatujazaa. Ila wapo wavulana wa darasani kwetu ambao huenda wamemzidi yeye kwa watoto.

Mwaka jana ulipita ujumbe kwenye grupu letu la WhatsApp: kliniki fulani inatafuta vijana wa kutoa mbegu za kiume, wenye afya, warefu kiasi, wanaosoma udaktari watangulie. Mwenzetu mmoja, Muganda wa upande wa Masaka, alikuwa anadaiwa kodi ya hosteli Kikoni. Akaenda. Wakamtoa damu, wakampima urefu, wakamuuliza kabila na kama kwao kuna sikoseli. Wakampa kikopo na funguo ya chumba chenye kochi. Alirudi mara sita, na deni la hosteli likaisha. Karatasi aliyotia sahihi alibaki nayo karani. Yeye hakupewa hata nakala.

Darasani tunafundishwa hayo mambo vizuri tu: mbegu zinavyogandishwa ndani ya naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikisubiri mtoaji apimwe UKIMWI mara ya pili baada ya miezi 6. Upande wa sheria tulipewa saa moja, Ijumaa mchana, mvua inapiga mabati. Na wala hatukuwa na sauti moja kama anavyodhani huyo bwana wa Mbale. Dada mmoja wa Arua, Mwislamu, alisema mbegu ya mume na yai la mke hana neno nazo, lakini akiingia mtu wa tatu nasaba imeharibika. Mkatoliki wetu akakumbusha kuwa Vatikani ilikataa tangu 1987, hata kwa mume na mke wenyewe. Kisha kijana wa Soroti, ambaye huwa hasemi, akasema dada yake alirudishwa nyumbani baada ya miaka saba bila mtoto. Shemeji akaoa mwingine. Huyo naye miaka minne sasa, hajashika mimba. Hakuna aliyemjibu.

Aliyevunja kimya ni huyo wa Masaka. Akatusimulia okwalula, sherehe ya Waganda ya kuwaingiza watoto kwenye ukoo, namna vitovu vya watoto vilivyokauka vinavyotumbukizwa kwenye beseni mbele ya wazee, kikielea mtoto ni wa ukoo, kikizama mama ana kesi. Mtu akamtania: "Na vya kwako vitazama kwenye mabeseni mangapi?" Tukacheka wote, naye akacheka.

Jioni alinifuata kwenye kibanda cha rolex, zile chapati za kuviringishiwa mayai, mayai yanakaangwa, yeye hali kitu. Yeye ni wa ukoo wa Ngeye. Muganda haoi ndani ya ukoo wake, hiyo ndiyo kinga yao ya siku zote. Lakini mtoto wa mbegu zake akilelewa na baba wa ukoo wa Mamba atahesabiwa Mamba, na atakuwa huru kabisa kumchumbia binti wa Ngeye. Binti ambaye huyu rafiki yangu atamzaa kesho kutwa kwa mkewe. Wazee watakula mahari na kubariki.

Tangu mheshimiwa Sarah Opendi wa Tororo alete bungeni muswada wake wa 2023 kuhusu uzazi wa kusaidiwa, nyinyi wa magazeti mmegombania mama wa kumbebea mwingine mimba na kama asiye na ndoa aruhusiwe. Na yule bibi wa miaka 70 aliyejifungua mapacha Novemba 2023, alikula kurasa nyingi. Sawa. Mimi naomba daftari. Daftari moja la nchi, si la kila kliniki: nani alitoa mbegu, zilikwenda kwa familia ngapi, wakazaliwa wangapi. NIRA inayotuandikia vizazi na vitambulisho ilifunge kabatini mpaka mtoto atimize miaka 18 na kuuliza. Uingereza wameweka mwisho familia 10 kwa mtoaji mmoja, na mtoaji wa baada ya Aprili 2005 hana kujificha mtoto akishakua. Uholanzi walikuwa na kikomo cha watoto 25. Mtu mmoja akazunguka kliniki moja hadi nyingine, na nchi nyingine pia, mpaka mahakama ya The Hague ikamzuia mwaka 2023 akikadiriwa kuwa na watoto 550 au zaidi. Huko walikuwa na kikomo. Sisi je?

Ibara ya 34 ya Katiba yetu inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake. Mimi ni binti wa askari, nimekulia kambini Jinja, ndiyo maana naandika Kiswahili. Nimewaona akina mama wakisimama getini na mtoto mgongoni, wakitaja jina moja tu la askari aliyehamishwa. Mlinzi alikuwa anawauliza namba ya jeshi. Hawakuwa nayo.

Rafiki yangu wa Masaka amerudi kliniki kuulizia hesabu ya watoto wake. Mapokezi walimwambia kompyuta imebadilishwa, aje Jumatatu. Ameshakwenda Jumatatu tatu.

Mwanafunzi wa udaktari,
Kampala