Barua ya wazi kwa mkubwa mwenye faili ya mume wangu

Kwako Mheshimiwa unayetia sahihi maombi ya uraia,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi nauza mitumba hapa Kibuye. Mume wangu ni seremala, na vitanda vyake vimelaliwa na watu kuanzia Kondele hadi Ahero. Alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, nasi tulifunga ndoa kanisani mwaka 2012. Ombi lake la kusajiliwa kuwa raia tuliliwasilisha Januari 2021. Huu ni mwaka wa tano. Hatujaambiwa ndiyo, wala hatujaambiwa la.

Baba watoto ana daftari la hesabu, lile la miraba, ambalo mbele huandika vipimo vya mbao. Nyuma yake, kwa penseli ile ile anayoichomeka sikioni, huandika kila siku tuliyofika kaunta na jibu tulilopewa. Nakusomea ukurasa mmoja tu. "Bado iko kwa mkubwa." "Sistimu iko chini." "Aliyekuwa na faili amehamishwa." "Rudini baada ya miezi miwili." "Cheti cha mwenendo mwema kimepitwa na muda, leteni kingine." Hili la mwisho liliniuma sana, kwa sababu cheti kilikuwa kipya tulipokileta. Kimezeekea mikononi mwenu. Tulilipa tena, akapigwa alama za vidole tena, tukarudi foleni.

Sikuandikii kuomba fadhila. Kifungu cha 15 cha Katiba kinasema mtu aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kusajiliwa akiomba. Sisi tulitimiza saba mwaka 2019. Na hiyo haki, Mheshimiwa, nina uchungu nayo. Chini ya Katiba ya zamani, mwanamume Mkenya aliyeoa mgeni, mkewe aliweza kusajiliwa. Mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni, mumewe alibaki mgeni. Tarehe 4 Agosti 2010 nilipanga foleni tangu alfajiri nikapiga kura ya kijani, ya kuikubali Katiba mpya, na jambo hilo lilikuwa moyoni mwangu, maana tayari tulikuwa wachumba. Kwa hiyo nikiambiwa nivumilie, najiuliza nimevumilia tangu lini.

Watu hudhani anayengoja uraia amekaa tu. Kabla ya kujaza fomu, mume wangu alivuka mpaka kwenda kumwarifu mama yake. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Akichukua wa Kenya, wa kwao unakwisha. Mama alinyamaza muda mrefu, mikono ikiwa bado kwenye ungo wa mtama. Kisha akauliza swali moja: "Ukifa utazikwa wapi?" Akamjibu, "Nilipojenga." Mjaluo yeyote anajua uzito wa jibu hilo. Mwanamume huzikwa kwenye boma lake.

Basi boma lenyewe ni lipi? Tulinunua ploti ya futi hamsini kwa mia njia ya Kibos. Milango yote aliiranda mwenyewe, hata kizingiti. Lakini Kifungu cha 65 kinamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99, na ploti yetu si ya kukodi. Hatimiliki ina jina langu peke yangu. Sina nia mbaya naye, Mungu ni shahidi, ila sipendi kuona mtu aliyejenga nyumba akiishi ndani yake kama mpangaji wa mkewe.

Mwaka jana tukitoka matangani Migori, matatu ilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Abiria wote walionyesha vitambulisho. Chake cha mgeni kilikuwa kimeisha siku chache, kipya bado hakijatoka. Akashushwa. Kijana wetu wa mwisho, aliyekuwa amelala mapajani mwake, aliamka akajikuta ameketi na abiria wa kiti cha jirani. Tuliachiliwa baada ya saa mbili, baada ya mimi kuonyesha cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na risiti ya ombi. Risiti hiyo afisa aliigeuza mara mbili akasema haimwambii chochote. Tangu siku hiyo hatusafiri bila faili nzima. (Wenzangu mlio katika hali hii, toeni nakala za kila kitu, na msiondoke kaunta bila muhuri wenye tarehe.)

Mheshimiwa, najua kazi yenu ni nzito. Lazima mhakikishe ndoa si ya kununua karatasi. Njooni. Muulizeni chifu, muulizeni mchungaji, waulizeni majirani walionisikia nikimkaripia kwa kuacha randa sebuleni. Ila mkishachunguza, semeni. Kifungu cha 47 kinatupa haki ya kuhudumiwa upesi, na mkikataa, kupewa sababu kwa maandishi. Mtuandikie faili imefika hatua gani na lini itaamuliwa. Mkiona kuna karatasi inayopungua, mtuambie mara moja, zote kwa pamoja. Na afisa wa hapa Kisumu awezeshwe kuiona faili kwenye kompyuta yake, ili mtu asipande basi la usiku hadi Nairobi kwenda kuulizia neno moja. Hata jibu likiwa la, tutajua pa kukata rufaa. Kinachotumaliza ni kimya.

Leo asubuhi nimeacha nakala ya barua hii kaunta, imegongwa muhuri. Nambari ya ombi nimeiandika nyuma ya bahasha. Mume wangu ameshaandika tarehe kwenye daftari, na mbele yake ameacha mstari mtupu wa jibu lako.

Wako,
Mke wa seremala,
Kibuye, Kisumu