Wanachobishania Waingereza ni nani alipie wazee wao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili niongezee jambo katika habari mliyochapisha kuhusu Uingereza kuwafungia milango wafanyakazi wa kigeni. Mpwa wangu aliyeko Muheza aliipiga picha habari hiyo akanitumia kwa simu, na chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba. Hii ni kweli? Maana wakala anasema kwa kazi ya kulea wazee bado wanachukua watu, na baba yuko tayari kuuza shamba la michungwa." Nilimjibu usiku uleule, nikiwa zamu, kwamba ni kweli, kwamba tangu tarehe 22 Julai 2025 hakuna mtu aliye nje ya nchi hii anayeweza kuombewa viza mpya ya uhudumu wa wazee, na kwamba shemeji asiuze hata mti mmoja. Akaniuliza tena: "Sasa kwa nini wafunge, na wewe kila siku unasema hapo kazini mko wachache?" Swali hilo halijibiki kwa ujumbe wa simu, na kwa kuwa naamini linawasumbua vijana wengi wanaosoma gazeti lenu, nimeona nilijibu hapa.

Mimi nimekuwa mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee jijini Leeds tangu mwaka 2022. Habari yenu ilitaja kwa usahihi idadi ya wahamiaji, ghadhabu ya wananchi na maneno makali ya wanasiasa. Iliyoachwa nje ni kodi, na bila kodi mjadala huu hauwezi kueleweka, kwa sababu kwa maoni yangu ugomvi wa Waingereza juu ya watu kama mimi ni swali la kodi ambalo serikali zao zimelikimbia kwa miaka mingi.

Huduma ya hospitali hapa hulipiwa na serikali kutokana na kodi, lakini huduma ya mzee asiyeweza tena kujiogesha wala kujivika haimo katika mpango huo. Katika Uingereza yenyewe, yaani ukiacha Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu mwaka 2010. Akihamia katika nyumba ya wazee na nyumbani kwake hakuna mwenzi wala ndugu tegemezi aliyebaki, nyumba yake nayo huhesabiwa kuwa mali. Asiye na mali hiyo hulipiwa na halmashauri ya mji wake, na halmashauri, ambazo fungu lao kutoka serikali kuu lilikatwa sana baada ya mwaka 2010, hulipa kidogo iwezekanavyo. Mwenye nyumba ya wazee akilipwa kidogo, naye humlipa mhudumu mshahara wa kima cha chini au unaokizidi kwa senti chache. Mwingereza mwenye hiari ya kuchagua huona ni afadhali akapange bidhaa katika duka kubwa, ambako hakuna kumwinua mtu mzima kitandani saa kumi za usiku.

Si kwamba jambo hili halikujulikana. Mwaka 2011 tume iliyoongozwa na Andrew Dilnot ilipendekeza uwepo ukomo wa gharama ambazo mtu atajilipia maishani mwake, na zinazozidi hapo zibebwe na umma. Bunge likapitisha sheria mwaka 2014, na utekelezaji ukaahirishwa mwaka uliofuata. Mwaka 2017 Waziri Mkuu Theresa May alikwenda kwenye uchaguzi na mpango wa kuhesabu nyumba ya mzee hata kwa huduma anayopewa akiwa kwake, wapinzani wakauita kodi ya ugonjwa wa kusahau, na akapoteza wingi wake bungeni. Mwaka 2021 Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alitangaza tozo ya asilimia 1.25 kwa ajili ya afya na wazee, na ukomo wa pauni 86,000. Tozo ilifutwa na waliomrithi mwaka 2022, ukomo ukasogezwa mbele, na Julai 2024 Waziri wa Fedha wa serikali mpya ya Labour, Rachel Reeves, akaufuta kabisa. Nimezitaja hatua hizi kwa urefu kwa sababu kila mara ilipofika zamu ya kuwaambia wapiga kura kwamba wazee wao wanahitaji kodi zaidi, chama kilichokuwa madarakani kilirudi nyuma, iwe ni Conservative au Labour.

Pengo hilo lilizibwa kwa muda na watu kutoka nje. Kwanza walikuwa Wazungu wa nchi za Ulaya, waliokuwa na haki ya kuja kufanya kazi bila viza kwa sababu Uingereza ilikuwa ndani ya soko moja na nchi zao. Kura ya Juni 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya ilizungumzwa kama kura ya biashara na mamlaka, lakini uhuru huo wa watu kusafiri ulipokoma mwisho wa Desemba 2020, nyumba za wazee zilikuwa miongoni mwa walioumia mapema. Katika mwaka wa 2021/22 nafasi zilizokosa watu katika huduma hizi zilipita 160,000. Ndipo Februari 2022 serikali ya Conservative, ambayo ndiyo iliyojitoa Ulaya ili kupunguza wageni, ikatufungulia mlango sisi wa Afrika na Asia. Mimi ni mmoja wa walioingia kwa mlango huo.

Tulipoingia wengi, na wanafunzi wengi, na wakimbizi wa Ukraine na watu wa Hong Kong, hesabu ya walioingia ukitoa waliotoka ilivuka laki tisa kwa mwaka mmoja. Sidai kwamba Mwingereza aliyeshtuka ni mbaguzi. Pango la nyumba limepanda, miadi ya daktari hupatikana kwa shida, na mtu wa kawaida ana haki ya kuuliza nchi yake inapokea watu wangapi na kwa mpango gani. Lakini majibu aliyopewa yote yalikuwa ya viza, hakuna lililogusa chanzo. Machi 2024 wahudumu wapya walikatazwa kuja na wake, waume au watoto. Mei 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer, akizindua waraka wa sera ya uhamiaji, alisema nchi inaweza kugeuka kisiwa cha watu wasiojuana, maneno ambayo mwezi uliofuata alikiri kuyajutia. Julai mlango ukafungwa. Novemba mwaka huohuo Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, akapendekeza kwamba muda wa kungoja ukaazi wa kudumu, ambao kwa wengi wetu ulikuwa miaka 5, uwe 10, na kwa wenye kazi zisizohitaji shahada kama yangu uwe 15, tena hata kwa tuliokwisha kufika.

Pendekezo hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Nilikuja kwa masharti yaliyoandikwa, nikapanga maisha kwa masharti hayo, nikawaambia wazazi mwaka nitakaokuwa huru kubadili mwajiri bila kuomba ruhusa ya mtu. Wazee wa Afrika Mashariki watakumbuka kwamba hii si mara ya kwanza. Mapema mwaka 1968 Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti halali za Uingereza walijikuta wamefungiwa nje kwa sheria iliyopitishwa bungeni London kwa siku chache tu, chini ya serikali ya Labour, na hoja ya wakati ule nayo ilikuwa idadi.

Sasa nirudi kwenye hesabu, kwa kuwa hoja inayorudiwa redioni hapa kila asubuhi ni kwamba mhamiaji wa mshahara mdogo ni mzigo kwa mlipakodi. Chukua mhudumu anayelipwa pauni 24,000 kwa mwaka. Pauni 12,570 za kwanza hazitozwi, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 2021 ingawa bei zimepanda sana, jambo ambalo lenyewe ni kodi iliyofichwa. Kinachobaki hukatwa asilimia 20 ya kodi ya mapato na asilimia 8 ya bima ya taifa, yaani mchango wa lazima kwa ajili ya pensheni na posho za serikali, jumla kama pauni 3,200. Juu ya hapo kuna kodi ya halmashauri, ambayo sehemu yake imetengwa kwa ajili ya huduma ya wazee, yaani kazi ninayoifanya. Viza yangu imeandikwa kwamba sina haki ya misaada ya umma, kwa hiyo nikipoteza kazi leo misaada hiyo siipati, na mwajiri akifutiwa leseni ya udhamini, yaani ruhusa ya kuajiri wageni kwa viza, kwa kawaida hupewa siku 60 nitafute mdhamini mwingine au niondoke. Haki inataka niseme pia kwamba natibiwa hospitalini bila kulipa, na kwamba watoto wa wenzangu wanasoma shule za serikali. Sisi hatukai bure, lakini wala hatupati vya bure kama wanavyosimuliwa watu.

Serikali ilipohitaji fedha katika bajeti ya Oktoba 2024, haikuongeza kodi ya mapato kwa sababu iliahidi kutoiongeza. Badala yake ilipandisha mchango wa bima ya taifa unaolipwa na mwajiri kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na kuanza kuutoza mshahara ukifika pauni 5,000 badala ya 9,100. Kwa mhudumu huyohuyo wa pauni 24,000, mwajiri asiye na nafuu ya waajiri wadogo anatoa karibu pauni 800 zaidi kwa mwaka. Kazini kwetu tuliitwa sebuleni Aprili 2025 tukaelezwa kwamba zamu ya usiku, iliyokuwa ya watu wanne, itakuwa ya watu watatu. Tangu hapo mmoja wetu akiwa na mgonjwa ghorofa ya juu, wawili wanabaki na vyumba kumi na tisa.

Katika mojawapo ya vyumba hivyo yumo mzee wa miaka tisini kasoro, aliyekuwa fundi wa mitambo ya kufuma. Nyumba yake imeuzwa ili alipie kitanda anacholalia. Usiku mmoja nikimvisha soksi, maana miguu yake haipati joto hata kiangazi, alinishika mkono akaniuliza kama na mimi nitaondolewa. Nikamwambia sijui. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye alipiga kura ya kupunguza wageni, na hakuwa na mimi moyoni. Namwamini. Hakuna aliyewahi kumwekea mezani mambo hayo mawili kwa pamoja, kodi ya kumtunza na mtu wa kumtunza, akaambiwa achague.

Upande wa biashara nitasema machache, lakini serikali zetu zingepaswa kuyaangalia. Tarehe 24 Julai 2025, siku mbili tu baada ya mlango wa wahudumu kufungwa, Uingereza na India zilitia saini mkataba wa biashara huria. Uingereza ilipata nafuu ya ushuru kwa wiski yake, nayo India ilipata, pamoja na mengine, ahadi kwamba wafanyakazi wanaotumwa Uingereza kwa muda na waajiri wao hawatalipa bima ya taifa mara mbili kwa miaka 3. Wapinzani bungeni walipiga kelele, lakini ahadi ilibaki. Kenya nayo ilitia saini mkataba wake Desemba 2020, na kiini chake ni bidhaa: maua, chai na mboga kuingia bila ushuru. Ni jambo jema kwa wakulima, nami hufurahi nikikuta maharage mabichi ya Kenya dukani. Lakini tunapojua kwamba vijana wetu watatafuta kazi ng'ambo kwa vyovyote, kuwaacha waende mmojammoja kupitia mawakala, bila nchi zao kuweka masharti yao mezani, ni kuwatupa.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kwamba mnapoandika habari za viza za Uingereza muweke tarehe na masharti yenyewe, pamoja na maneno ya mawaziri. Serikali imeunda tume nyingine ya huduma ya wazee, chini ya Louise Casey, ambayo taarifa yake ya mwisho inatarajiwa mwaka 2028. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, ndipo inapokwisha ruhusa ya walio ndani ya nchi kuhamia kwenye viza ya uhudumu. Yeyote anayemwambia kijana aliye nyumbani kwamba kuna njia nyingine ya kuingilia kazi hii anamdanganya.

Shamba la Muheza halijauzwa. Wakala, kwa mujibu wa mpwa wangu, bado anashikilia pasipoti za vijana wengine wanne wa mtaa huo, na ndiyo sababu naomba barua hii itoke mapema.

Mhudumu wa wazee,
Leeds, Uingereza