Fundi bodi naye anaweza kukadiria hasara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako. Mwezi huu vijana watatu wa gereji wameniuliza nilitokaje kwenye kunyoosha bodi za magari eneo la Gerezani hadi kukadiria hasara za bima, yaani kukagua mali iliyoharibika na kuandika ripoti ya hasara. Nawajibu wote hapa, maana kwa simu nimechoka.

Fenda na boneti nimezinyoosha miaka 11. Siku ya kujaribiwa kazi hii ya ukadiriaji nilionyeshwa Toyota IST iliyobonyea mlango, mwenyewe anadai kagongwa juzi. Nikatoa sumaku mfukoni. Haikushika: chini ya rangi puti nene ya kuzibia mabonyeo, na kwenye ufa kutu ya miezi, yaani si ajali ya juzi. Nikajiona nimefaulu.

Ripoti ikarudi imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika "mteja mwongo". Mkuu wangu akaniuliza, "Huo uongo umeupiga picha?" Sasa naandika nilichokiona, upande gani, sentimita ngapi, picha namba ngapi, basi. Kwa fundi hili ni gumu, kwani sisi tumezoea kusema jambo na mteja akatuamini.

Halafu kuna mali nyingine zisizo magari. Nilipelekwa kwenye duka la vitenge lililoungua. Bidhaa zilikuwa za milioni 40, lakini mama mwenye duka alikata bima ya milioni 20 ili alipe ada ndogo. Ziliungua za milioni 10, nami nikadhani atalipwa 10. Kumbe aliyekatia nusu ya mali hubeba nusu ya hasara: milioni 5 tu, na humo bado kuna sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unamwachia mwenyewe. Mama akaniambia, "Mwanangu, si nalipa kila mwaka?" Wakala aliyemuuzia hakuwa amemweleza. Miaka yote ya gereji haikunipa jibu.

Kwa hiyo, vijana, cheti cha VETA kiwekeni vizuri, someni bima jioni, na msijiite wakadiriaji. Leseni inatoka TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Kabla ya hapo mnafanya kazi chini ya mwenye nayo, yeye ndiye anayesaini. Na jiandaeni kupoteza marafiki. Magari yanayopelekwa gereji yangu ya zamani siyakagui, anakwenda mwenzangu. Bado wapo wanaoniita msaliti kwa sababu sikubali kuandika rejeta mpya mahali palipotoboka bomba tu.

Kinachoniudhi ni matangazo ya kazi: shahada, shahada, shahada. Nimekutana na wenye shahada wasiojua chesisi iliyopinda inaonekanaje. Naomba kampuni za ukadiriaji zimpe mwombaji gari moja lililogongwa na karatasi tupu, aandike ripoti, ndipo waulize alisoma wapi.

Fundi bodi wa zamani,
Dar es Salaam