Ombi la Mchango: Visanduku 30 vya Herufi kwa Darasa la Maandalizi

Assalaamu alaykum, ndugu wazazi, walezi na wenyeji wa Wete mlioko nyumbani na mlioko ng'ambo.

Kamati ya skuli yetu ya maandalizi inawaomba kwa heshima mtuchangie vitu vidogo vidogo vya majumbani, pamoja na fedha za kuvihifadhi, ili kila wiki watoto wajifunze herufi moja kwa kushika vitu ambavyo majina yake yanaanza na herufi hiyo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliingiza maandalizi katika elimu ya lazima na madarasa yetu yamejaa, lakini kifaa chetu cha kufundishia herufi ni kile kile, chati ya ukutani, ambayo kwenye T imechorwa twiga. Mtoto wa Pemba hajamwona twiga. Tende anaijua, na kokwa yake ameshaichezea.

Muhula uliopita walimu walijaribu kwa vikapu vya kuazima, na wiki ya K ikatuonesha jambo ambalo chati haina. Mtoto wa kike wa miaka mitano alichukua kifungo cha shati akakitia katika kikapu cha K. Mwenzake alikuwa na viwili mkononi. Alivitazama, akatamka polepole "vi-fungo", akakataa katakata kuvitia humo, maana vyake, alisema, ni vya V. Ndivyo lugha yetu ilivyo: kuti likipata mwenzake huwa makuti, likahamia M, na uzi ukizidi mmoja huwa nyuzi, ukenda kwa ny. Mtoto aliyeligundua hilo kwa vidole vyake, kwa maoni yetu ameshaanza kusoma, hata kama bado hajui kuandika jina lake.

Tunavyovihitaji vimo majumbani mwenu: karafuu, kete, gololi, iliki, ubani, kipande cha ukili, sumaku, dhumna zisizotimia, hata gunzi la mahindi lililokauka vizuri. Kwa th tulikuwa na thomu peke yake, mpaka bibi mmoja alipotuletea thumni ya zamani aliyoitoa kibwetani mwake, na sasa watoto hawachoki kuiulizia.

Tunasisitiza usalama, kwa sababu mtoto wa umri huu bado hutia vitu kinywani na puani. Msilete wembe, sindano, ndoana wala betri bapa za saa, ambazo zikikwama kooni huunguza ndani ya saa chache. Msilete pia turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ingawa zinapendeza na zingefaa kwa T, kwani ndani yake mna sumu kali. Vitu vidogo kama karafuu, shanga na iliki tutavitia katika vichupa vya plastiki vinavyoonesha ndani na kuvifunga kwa gundi, ili mtoto avione na kuvitikisa bila ya kuvifikia.

Fundi seremala amekubali kutuchongea visanduku 30, yaani 24 vya herufi za Kiswahili, ch ikihesabiwa kuwa moja, na sita vya dh, gh, ny, ng', sh na th, kwa shilingi 8,000 kila kimoja, jumla yake shilingi 240,000. Kabati la kuvifungia ni shilingi 260,000. Wazazi wameshatoa shilingi 135,000, kwa hiyo tumebakisha shilingi 365,000. Mchango wa fedha apewe mshika fedha wa kamati, ambaye atatoa stakabadhi hapo hapo, na vitu viletwe skuli asubuhi kabla ya muhula kufunguliwa, kila kimoja kikiwa kimeoshwa na kukaushwa.

Mpaka leo kisanduku cha O na cha gh hatujapata cha kuvitilia. Kila anayekijua kitu kidogo cha kushikika chenye jina linaloanza hivyo, tunamwomba atuletee, au angalau atutajie.