Barua kwa Ilunga: Kentucky na mwaka wa pili wa Kocha Pope

Louisville, 5 Oktoba 2025

Ndugu yangu Ilunga,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, natumaini shemeji na watoto hawajambo. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama mashabiki wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky wana haki ya kudai ubingwa msimu huu, na wewe ulioanza kuifuatilia timu kwa ajili ya mchezaji wake wa zamani Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, ukae upande gani wenzako wa kazini wanapobishana. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo lenyewe lina mafundo.

Kwanza ujue unaishi na watu gani hapo Lexington. Kentucky ina mataji manane ya taifa: 1948, 1949, 1951, 1958, 1978, 1996, 1998 na 2012. Rupp Arena, uwanja wao, inaingiza watu zaidi ya 20,000, na Aprili 2024 ilifurika siku ya kumtambulisha kocha tu, bila mechi yoyote. Cha kuchekesha ni kwamba siku chache kabla ya hapo mashabiki haohao walikuwa wamenuna. Walitaka jina kubwa, wakaletewa Mark Pope kutoka chuo cha BYU, kocha ambaye hadi siku hiyo hakuwa amewahi kushinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa, yale ya mtoano ya vyuo yanayochezwa kuanzia Machi: 2021 alitolewa na UCLA, 2024 akatolewa na Duquesne. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa nahodha wa kikosi cha kocha Rick Pitino kilichotwaa ubingwa wa 1996. Kwa watu wa Kentucky hilo ni zaidi ya wasifu wa kazi.

Pili, ujue walikuwa wametoka kuumia wapi. Kocha aliyemtangulia, John Calipari, alikaa miaka 15, akaleta taji la 2012, lakini mwisho wake ulikuwa mchungu. Msimu wa 2020-21 timu ilishinda 9 na kupoteza 16. Mwaka 2022 ikatolewa na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, 85-79 baada ya muda wa nyongeza. Siku hiyo Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuokota ribaundi 16 (mipira inayorudi mtupo ukikosa), na bado haikutosha. Mwaka 2024 ikaja zamu ya chuo cha Oakland, ambako Jack Gohlke alitia mitupo kumi ya pointi tatu. Kwa hiyo Pope alipoingia raundi ya timu 16 mwaka wake wa kwanza, watu walishukuru kama mtu aliyepata mvua baada ya kiangazi. Kentucky haikuwa imefika hapo tangu 2019. Shukrani ya namna hiyo haidumu miaka miwili, na hapo ndipo mabishano ya kazini kwenu yanapoanzia.

Mtu akikwambia mwaka wa kwanza wa kocha unaonyesha mwisho wake, mpeleke kwenye historia ya chuo hichohicho. Pitino alianza 1989-90 kwa kushinda 14 na kupoteza 14, akiwa na timu iliyofungiwa mashindano ya taifa kwa makosa ya uongozi uliomtangulia. Miaka sita baadaye ni bingwa. Tubby Smith alianza 1997-98 kwa kubeba ubingwa moja kwa moja, na kisha katika miaka tisa iliyofuata hakufika tena timu nne za mwisho. Billy Gillispie alifungwa na Gardner-Webb hapohapo Rupp, 84-68, katika siku zake za mwanzo kabisa. Yeye hakufika mwaka wa tatu. Calipari alianza na ushindi wa mechi 35 na kupoteza 3. Sasa toa kanuni hapo kama unaweza. Mimi naona ni Gillispie peke yake ambaye mwanzo wake ulitabiri kitu.

Halafu mwaka wa kwanza wa siku hizi si kama ule wa zamani. Tangu wachezaji waruhusiwe kuhama vyuo bila kukaa nje msimu mzima, kocha akiondoka anaondoka na nyumba nzima. Wengine walimfuata Calipari kwenda Arkansas, wengine wakaenda NBA. Reed Sheppard alichaguliwa wa tatu na Rob Dillingham wa nane. Pope alikuta makabati matupu. Alijaza kikosi na watu wazima kutoka kila kona: Lamont Butler wa San Diego State, Andrew Carr wa Wake Forest, Koby Brea wa Dayton, Otega Oweh wa Oklahoma, Amari Williams wa Drexel, na Jaxson Robinson aliyekuja naye kutoka BYU. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kufunga pointi kwa jezi ya Kentucky.

Timu hiyo ilimaliza na ushindi 24 na vipigo 12, na 10-8 ndani ya ligi yao, SEC, mwaka ambao ligi hiyo ilipeleka timu 14 kati ya 16 kwenye mashindano ya taifa. Iliifunga Duke 77-72. Iliifunga Gonzaga 90-89 baada ya kuwa nyuma kwa pointi 16 mapumziko. Iliifunga Florida 106-100, na Florida ndiyo iliyokuja kuwa bingwa. Watu wengi huishia kwenye ushindi huo wa Florida. Wewe tazama ile 100. Kentucky ilikutana na Alabama mara tatu ikafungwa zote, na Alabama walitia 102, kisha 96, kisha 99. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ushambuliaji wa Pope ulikuwa miongoni mwa bora nchini tangu Novemba. Ulinzi haukuwahi kufika hadhi ya timu inayotafuta taji. Majeraha yalichangia, hilo halina ubishi: Kerr Kriisa alivunjika mguu Desemba, Butler alicheza na bega bovu, Robinson akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono Machi. Tennessee waliokuwa wamefungwa na Kentucky mara mbili kwenye ligi wakawatoa 78-65 kwenye ile raundi ya timu 16.

Kwa hiyo unapotazama mechi, usihesabu pointi tupu, maana timu inayokimbia hufunga sana na kufungwa sana. Hesabu mashambulizi. Chukua takwimu za mechi: mitupo yote ya kawaida, toa ribaundi za kushambulia (zile timu inazookota baada ya mtupo wake yenyewe kukosa), jumlisha mipira iliyopotezwa, kisha jumlisha mitupo huru mara 0.475. Mfano: mitupo 62, ribaundi za kushambulia 10, mipira iliyopotea 12, mitupo huru 20. Hiyo ni 62 − 10 + 12 + 9.5, yaani mashambulizi 73.5. Timu ikifunga 80, gawanya, zidisha kwa 100, unapata karibu 109 kwa kila mashambulizi 100. Fanya hivyohivyo kwa mpinzani. Dhidi ya timu kubwa, Kentucky ikimruhusu mpinzani 110 na zaidi mechi baada ya mechi, usidanganywe na ushindi. Ikimbana chini ya 100, hata ikifungwa, kuna kitu kinajengeka.

Na mitupo ya pointi tatu iache ipumue. Timu inayotupa 25 kwa mechi na kuingiza asilimia 35 itatia tisa hivi kwa wastani, lakini usiku mmoja sita na usiku mwingine kumi na moja ni kawaida kabisa, hakuna aliyelogwa. Tofauti ya hizo tano ni pointi 15. Ndiyo maana kumpima kocha kwa mechi moja ya mtoano ni uonevu, na Kentucky ni mabingwa wa uonevu huo.

Sasa mfumo wenyewe, maana uliniuliza kwa nini senta wao, yule mrefu wa kati, anasimama mbali na kikapu. Watano wote wanatandazwa nje, chini ya kikapu hakuna mtu. Mpira unapelekwa kwa senta kwenye pembe ya juu ya boksi, karibu na mstari wa mitupo huru. Gadi (mchezaji mwepesi wa nje) aliyempa pasi anamkimbilia kama anakwenda kuupokea tena mkononi. Mkabaji wake akimfuata kwa nyuma, gadi anachukua mpira na kuingia. Mkabaji akijifanya mjanja akatangulia kuziba njia, gadi anageuka ghafla, anakata nyuma yake, na senta anapenyeza pasi ya kudunda. Amari Williams, Mwingereza wa mkono wa kushoto, aliifanya kazi hiyo kwa utulivu wa ajabu. Yeye ameshamaliza muda wake wa chuo.

Hilo ndilo swali langu kubwa la msimu huu, na silisikii likiulizwa na watu wanaogombana. Senta akiwa haogopwi kwa mtupo, mkabaji wake anarudi hatua mbili nyuma na kusimama palepale gadi anapotaka kukatia. Njia imezibwa, pasi inanyakuliwa, na upande wa pili ni leiapu ya bure. Timu zinazobadilishana wakabaji kwenye kila tukio huiua kabisa ile nafasi ya kupokea mkononi. Kwa hiyo mwangalie Brandon Garrison, na mwangalie yule kijana Malachi Moreno kutoka hapo jirani Georgetown: wanapopokea mpira juu, wanageuka kutazama kikapu au wanatafuta tu wa kumpa? Dakika kumi za kwanza zitakuonyesha. Jayden Quaintance ana mwili na kipaji kuwazidi wote, lakini alichanika ligamenti ya goti mapema mwaka huu akiwa Arizona State, na goti la namna hiyo huchukua miezi tisa hadi mwaka. Akionekana Desemba, shukuru. Usimdai chochote kabla ya Februari.

Waliorudi ni wanne wa maana: Oweh, aliyekuwa mfungaji wao mkuu, Garrison, Collin Chandler na Trent Noah. Kwa zama hizi si haba. Jaland Lowe ametoka Pittsburgh kuongoza mchezo. Ni mwepesi na mkali wa kupenya, ila mitupo yake ya mbali haikuwa mizuri kule, na kocha atalazimika kumpunguzia ile mibaya. Mouhamed Dioubate wa Alabama na Denzel Aberdeen, aliyetoka Florida akiwa bingwa, wameletwa kukaba. Hapo naona Pope amejisoma vizuri.

Kuna na suala la pesa. Tangu Julai 1 mwaka huu vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo kimoja, mbali na mikataba ya matangazo. Shabiki aliyekuwa akimsamehe kijana wa miaka 19 kwa kukosa mtupo sasa anazungumza kama mwajiri. Ukisikia "tumelipa", jua uvumilivu umepungua, na haurudi kwa hotuba nzuri.

Ratiba nayo ni ngumu. Novemba 11 wanakuja huku Louisville, Novemba 18 Michigan State kule New York, Desemba 2 North Carolina nyumbani, Desemba 5 Gonzaga kule Nashville, kisha Indiana, na Desemba 20 St. John's ya Pitino mwenyewe, mwalimu na nahodha wake uso kwa uso Atlanta. Wakipoteza tatu kati ya hizo, redio za Lexington zitawaka moto. Wewe usitie kuni. Kamati inayoteua timu za mashindano ya taifa hutazama zaidi ushindi wa daraja la kwanza: nyumbani dhidi ya timu za 1 hadi 30 kwenye orodha ya ubora, uwanja huru dhidi ya 1 hadi 50, ugenini dhidi ya 1 hadi 75. SEC itawapa nafasi hizo hadi wachoke. Kipigo cha Novemba dhidi ya timu nzuri hakigharimu sana. Kipigo cha Januari nyumbani dhidi ya timu ya mkiani ndicho kinachouma Machi.

Basi ukiulizwa, sema hivi: kupangwa namba 2 hadi 4 kwenye kanda yao ya mashindano ya taifa Machi ni dai la haki. Raundi ya timu 16 tena ni matarajio yanayotetewa. Ubingwa ni kuomba. Nitamlaumu Pope kwa mambo mawili tu: ulinzi ukibaki ule wa mwaka jana, au Aprili ikifika na wale aliotaka kuwabakiza wakamkimbia. Kufungwa na mtu aliyetia mitupo kumi ya mbali simlaumu.

Tena waambie watazame jirani. Kocha Pat Kelsey hapa Louisville alirithi timu iliyoshinda mechi 8 msimu mzima, akashinda 27 na kupoteza 8, akatolewa mechi ya kwanza na Creighton, na bado mji ulimpigia makofi. Pope alikwenda mbali zaidi yake, na akamfunga 93-85 Desemba, lakini maswali anayaulizwa yeye. Wewe uliyekua kati ya Mazembe na Lupopo huhitaji kufafanuliwa hali ya Novemba 11 ilivyo. Kama utapata ruhusa kazini, njoo siku moja kabla, kwa sababu barabara ya kuelekea Yum Center, uwanja wa Louisville, hujaa mapema, na uje na koti zito. Jezi ya buluu ya Kentucky ivae ndani ya koti mpaka tufike kwenye viti.

Msalimie sana shemeji, na watoto waambie baba yao mdogo anawakumbuka.

Wako,
Juma